Waya Nao Unakula Umeme

Ukipanda Kasha, kwenye vilima vya komini ya Bagira huko Bukavu, utaona nyaya nyingi kuliko taa. Zinaanzia kwenye nguzo iliyo kando ya barabara, zinapita juu ya mabati na migomba, zinafungwa kwenye mparachichi, kisha zinaendelea kupanda. Nyumba moja imeungwa na SNEL, shirika la umeme la taifa, nayo inawagawia majirani watatu au wanne wanaokaa juu zaidi. Sioni ubaya wowote majirani kugawana. Kinachonisumbua ni maneno yanayosemwa kuhusu umeme huo. Yanarudiwa na watu makini, mafundi wakiwemo, na baadhi yake yanaweza kuunguza nyumba za mbao zilizobanana. Nimeona niyajibu moja baada ya jingine.

Hesabu ninayoitumia ni ileile ya darasani. Mwaka 1827 Georg Simon Ohm, mwalimu wa shule wa Kijerumani, alichapisha kitabu kilichoonyesha uhusiano wa volteji, mkondo na ukinzani. Gawanya volti kwa ampea, unapata ukinzani kwa omu. Zidisha volti kwa ampea, unapata nguvu kwa wati. Kugawanya na kuzidisha hakumshindi mtu. Kinachowapoteza wengi ni kutojua volti hizo zimepimwa wapi, na ampea hizo zimepita wapi.

«Umeme wetu ni dhaifu kwa sababu Ruzizi imechoka.»

Hapa pana ukweli nusu. Kituo cha umeme cha Ruzizi I, kwenye mto Ruzizi, kilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, kikiwa na uwezo wa karibu megawati 30. Ruzizi II, ambayo Kongo inagawana na Rwanda na Burundi kupitia kampuni ya SINELAC, ilianza mwaka 1989 na ina takriban megawati 44 kwa nchi zote tatu. Mji umekua mara nyingi tangu wakati huo, na takataka za plastiki zinazoshuka kutoka Ziwa Kivu zinaziba mitambo. Kwa hiyo delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu, kweli inatoka huko chini mtoni.

Lakini umeme kukatika ni jambo moja, na umeme kufika nyumbani ukiwa na volti 150 badala ya 220 ni jambo jingine. Ruzizi haijui kuibagua nyumba ya juu na kuipendelea ya chini. Kama jirani aliye karibu na nguzo ana volti 210 saa moja jioni na wewe uliye mlimani una 170 saa hiyohiyo, zile 40 hazikupotelea mtoni. Zimeliwa njiani, kati ya nyumba yake na yako.

Tena zinapimika. Fundi aje na multimita, pamoja na mita ya koleo, ile inayoukumbatia waya bila kuukata. Apime volteji kwenye prizi yako vitu vyote vikiwa vimezimwa. Tuseme anapata 210. Awashe resho, yaani jiko la umeme, ya wati 1000 na apime tena volteji na mkondo kwa wakati mmoja. Tuseme sasa anapata volti 195 na ampea 4. Volti 15 zimepotea wakati ampea 4 zinapita. Kumi na tano gawanya kwa nne ni omu 3.75. Huo ndio ukinzani wa njia yako yote, pamoja na viungo vyake, na umeupata bila kupanda mparachichi. Majirani wasiwashe wala kuzima kitu kizito katikati ya kipimo, la sivyo hesabu itawadanganya.

Omu 3.75 si namba ya kutungwa ili kutisha. Waya wa shaba wenye urefu wa mita 1 na unene wa milimita mraba 1 una ukinzani wa omu 0.0175. Chukua waya wa milimita mraba 1.5 uliovutwa mita 150 kupanda mlima. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 300 za waya, na watu wengi husahau hilo la kurudi. Zidisha 0.0175 kwa 300, gawanya kwa 1.5, unapata omu 3.5. Kama waya huo ni alumini iliyopakwa shaba juu, nao umejaa sokoni, omu zinafika 5.6 kwa urefu uleule.

«Volti zikishuka resho inakula kidogo, basi ni akiba.»

Mama anayepika maharage kwa resho yenye volti 150 anajua moyoni kwamba hili si kweli, kwa sababu sufuria inakaa hapo mpaka watoto wanalala. Tumpe hesabu ya kumsaidia.

Resho ya wati 1000 imetengenezwa kwa volti 220. Mkondo wake ni 1000 gawanya kwa 220, yaani ampea 4.55, na ukinzani wake ni 220 gawanya kwa 4.55, yaani omu 48.4. Ukinzani huo unabaki karibu palepale hata volteji ikishuka. Kwa volti 150 mkondo unakuwa ampea 3.1, na nguvu ni 150 mara 3.1, yaani wati 465. Volteji imepungua kwa chini ya theluthi, lakini nguvu imepungua kwa zaidi ya nusu, maana ilipopungua volteji mkondo nao ulipungua, na nguvu ni zao la vyote viwili.

Sasa lita tano za maji. Bukavu iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, kwa hiyo maji yanachemka kwa takriban nyuzi 95. Kuyatoa nyuzi 20 hadi 95 kunahitaji joto lilelile, resho iwe na nguvu au iwe dhaifu. Ila sufuria nayo inapoteza joto kila dakika inayokaa motoni. Tuseme inapoteza wati 150. Resho yenye wati 1000 inabakiwa na 850 za kazi, na maji yanachemka kwa dakika 31. Resho ya wati 465 inabakiwa na 315, na inahitaji dakika 83. Ya kwanza imetumia kilowati-saa 0.51, ya pili 0.64. Aliyedhani anaweka akiba ametumia robo zaidi, na amekesha.

Kwenye friji mambo ni mabaya zaidi, maana mota si waya wa kupasha joto. Volteji ikishuka, mota inajitahidi kufanya kazi ileile kwa kuvuta mkondo mkubwa zaidi, na ikishindwa kuzunguka inakwama ikiwa inavuta mkondo mwingi mno mpaka koili zinaungua. Na hapa niseme jambo ambalo vitabu vya sekondari hulipitia haraka: kwa mota, volti mara ampea hazikupi wati kamili za kazi, kwa sababu mkondo na volteji haviendi sambamba. Kile unachokipata ni kikubwa kuliko nguvu inayoandikwa na kontere, yaani mita ya umeme. Waya, hata hivyo, unabeba mkondo wote na unapata moto kwa mkondo wote.

«Fomula zenyewe zinapingana.»

Hoja hii ni ya wanafunzi, na naiheshimu kuliko zote, kwa sababu anayeisema amesoma na amefikiri. Anasema: kitabu kinasema nguvu ni mkondo mara mkondo mara ukinzani, kwa hiyo ukinzani ukiongezeka nguvu inaongezeka. Ukurasa wa pili kinasema nguvu ni volteji mara volteji gawanya kwa ukinzani, kwa hiyo ukinzani ukiongezeka nguvu inapungua. Mwalimu, tushike ipi?

Shika zote mbili, ila kwanza uliza ni kitu gani hakibadiliki. Chukua taa mbili za zamani za waya wa tungsteni, moja ya wati 60, nyingine ya wati 100, zote za volti 220. Ya 60 ina omu 807, ya 100 ina omu 484. Zichomeke kila moja kwenye prizi yake. Volteji ni moja kwa zote mbili, 220, na yenye ukinzani mdogo ndiyo inayovuta mkondo mkubwa na kuwaka sana. Hapo umetumia fomula ya pili. Sasa zifunge moja nyuma ya nyingine kwenye waya mmoja. Mkondo unaopita ni uleule kwa zote mbili, na sasa ile ya wati 60, yenye ukinzani mkubwa, ndiyo inayong'aa zaidi, na ile ya 100 inafifia. Wanafunzi wakiliona hili kwa macho yao hawalisahau. Mwalimu yeyote wa Bagira mwenye taa mbili na vishikio viwili anaweza kulionyesha, mradi aunganishe kila kitu umeme ukiwa umezimwa.

Kutoka hapo rudi mlimani. Resho za majirani wanne zimechomekwa kila moja pembeni ya mwenzake, kama taa za kwanza. Lakini waya unaopanda mlima umefungana nazo kwa mfuatano, kama taa za pili. Ndiyo maana anayechukua volti 220 na omu 3.5 za waya akasema waya unakula wati 13,800 amekosea. Volti 220 haziko juu ya waya. Juu ya waya kuna zile tu zilizopotea. Lishike hilo 13,800 lakini, tutakutana nalo tena.

Resho nne za omu 48.4 zikiwaka pamoja ni sawa na omu 12.1. Ongeza 3.5 za waya, jumla ni 15.6. Gawanya 220 kwa 15.6, mkondo ni ampea 14.1. Zidisha kwa 3.5, volti 49 zimepotelea njiani, na majumbani zimefika 171. Kila resho inatoa wati 600 hivi badala ya 1000. Na waya wenyewe? Volti 49.4 mara ampea 14.1 ni karibu wati 700. Waya unapika zaidi ya resho yoyote kati ya hizo nne, na unaipikia hewa. Resho ikiwaka moja peke yake, waya unakula wati 63 tu. Mkondo umeongezeka kidogo zaidi ya mara tatu, moto wa waya umeongezeka mara kumi na moja. James Prescott Joule aliitambua kanuni hiyo kwa vipimo na kuichapisha mwaka 1841, nayo inafanya kazi Kasha kila jioni.

Majirani hao wanne wakichanga pesa wakanunua waya mmoja wa shaba wa milimita mraba 6 badala ya kila mmoja kuhangaika na stabilizateri yake, ukinzani wa njia unashuka hadi omu 0.88, na zinawafikia volti 205. Stabilizateri haipunguzi ukinzani huo. Inapandisha volteji kwa kuvuta mkondo zaidi kwenye waya uleule mwembamba, na jirani wa mwisho ndiye anayeumia.

«Nimeipima taa kwa multimita, ina omu 60. Basi ni ya wati 800, si 60.»

Omu 60 ni kipimo sahihi cha taa iliyolala. Tungsteni ikiwaka inafika joto la maelfu ya nyuzi, na ukinzani wake unapanda zaidi ya mara kumi. Pima volteji na mkondo taa ikiwa inawaka, kisha gawanya. Kifaa chochote kinachopata joto kali kinadai kipimwe kikiwa kazini.

«Mimi nalipa bei ileile kila mwezi, hesabu hizo ni za wenye kontere.»

Kaya nyingi hazina kontere, zinalipa kiasi kilichopangwa, taa iwake au isiwake. Naelewa kwa nini mtu wa namna hiyo hapigi hesabu. Lakini waya haujui fakture yako. Ampea 14 zinaupasha moto kiasi kilekile, uwe unazilipia moja moja au kwa jumla, na asiye na kontere ndiye mwenye sababu chache za kuzima resho. Yeye ndiye ninayetamani apige hesabu kabla ya wengine wote.

«Sola ni volti 12, haina madhara.»

Haitakupiga ukiigusa kwa mkono mkavu, kweli. Lakini wati 100 kwa volti 12 ni ampea 8.3, wakati kwa volti 220 ni chini ya nusu ampea. Waya wa milimita mraba 1.5, mita 10 kwenda na 10 kurudi, unakula karibu volti 2 kati ya 12, yaani sehemu moja kati ya sita ya umeme wako wote. Na betri ya gari ina ukinzani mdogo sana ndani yake. Nyaya zake zikigusana bila fuzi, mkondo unaruka hadi mamia ya ampea na plastiki ya waya inayeyuka. Fuzi ikae karibu kabisa na betri.

«Nyumba imeungua kwa shoti.»

Bukavu imepoteza nyumba nyingi kwa moto, hasa kule Kadutu na mitaa mingine ya mbao iliyobanana, na kila mara neno hili linasemwa kabla majivu hayajapoa. Shoti ni nyaya mbili kugusana. Inatokea, sikatai. Lakini neno hilo linatufanya tutazame mahali pamoja tu, na linatufariji kwamba ilikuwa bahati mbaya ya sekunde moja.

Anza na fuzi. Fuzi ikikatika mara kwa mara, kuna wanaotoa waya wake mwembamba na kuweka uzi wa shaba uliomenywa kutoka kwenye waya wa kawaida. Uzi wa shaba wenye kipenyo cha milimita 1 unahitaji karibu ampea 80 ili uyeyuke. Sasa fikiri nyaya zimegusana huko juu, mwisho wa njia yetu ya omu 3.5. Mkondo mkubwa kabisa unaoweza kupita ni 220 gawanya kwa 3.5, yaani ampea 63. Uzi hautayeyuka kamwe. Nyaya zitaendelea kugusana, volti zote 220 sasa ziko juu ya waya peke yake, na hapo ndipo zile wati 13,800 zinapokuwa kweli. Waya wa milimita mraba 1.5 haukutengenezwa kwa hilo. Aliyeweka uzi huo alitaka taa zisizimike. Nawasihi mafundi, mteja akikuomba ufanye hivyo, kataa, hata kama atamwita fundi mwingine.

Kisha kuna moto usiohitaji shoti kabisa. Waya uliokatika unaungwa kwa kuzungushwa vidole mara mbili tatu, kisha unafungwa mfuko wa plastiki kwa sababu utepe umeisha. Mvua za Kivu zinaingia, shaba inageuka kijani, na kama upande mmoja ni alumini, kutu inaanza mapema zaidi. Kiungo kinalegea, kinapata ukinzani wake chenyewe. Tuseme omu 0.2. Ni ndogo, hakuna atakayeiona volteji ikipungua kwa ajili yake. Jioni resho nne zinawaka, ampea 14.1 zinapita. Kumi na nne nukta moja mara kumi na nne nukta moja mara 0.2 ni wati 40. Wati 40 ni joto la chuma cha kulehemu redio, na hapa limekaa sehemu ndogo kama ncha ya kidole, ndani ya plastiki, likiegemea ubao. Moto unaukausha ubao, kiungo kinazidi kuoza, ukinzani unapanda, wati zinapanda. Na disjonkteri, ile swichi inayojizima mkondo ukizidi, ya ampea 16 iliyo kule chini kwa mwenye umeme haisemi kitu, kwa sababu ampea 14 ni halali kabisa kwake. Haikuharibika. Haiwezi kujua joto limekaa wapi.

Kiungo kama hicho kinatafutwa kwa hesabu ileile. Fundi aliyezoea kufanya kazi umeme ukiwepo, mwenye ncha za kupimia zilizofunikwa vizuri na viatu vikavu, awashe resho zote, kisha aweke ncha moja upande huu wa kiungo na nyingine upande wa pili, kwenye waya uleule mmoja. Kiungo kizima kitaonyesha sehemu ndogo sana ya volti. Kile cha omu 0.2 kitaonyesha volti 2.8. Akiona hivyo, azime, akate pande zote mbili mpaka shaba ing'ae, aunge kwa kiunganishi cha skrubu, kile cha alumini na shaba kama metali ni mbili, na akifunike kwa utepe wa umeme, mbali na mbao. Kisha ahamie kiungo kinachofuata.